Nachora mtaa wa bibi Ujiji kwa kumbukumbu. Mliokulia Kitongoni njooni mnisahihishe

#1 Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Mwakeye wakuu.

Mimi ni mwandika vibao hapa Tabora, Isevya. Zile "Kinyozi wa Kisasa", "Hapa Hatukopeshi" na "Usikojoe Hapa" ambazo hamjawahi kujiuliza kaandika nani, baadhi ni mkono wangu. Siku hizi kila mwenye duka anachapisha bango kwa mashine, kazi imepungua, kwa hiyo jioni ninazo nyingi. Nimeamua kuchora kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza: mtaa wa bibi yangu mzaa mama, Ujiji, upande wa Kitongoni, kama nilivyouona kati ya 1986 na 1991.

Baba alikuwa anafanya kazi Tabora. Shule zikifungwa, mama anatupakia watoto watatu kwenye treni ya usiku na kapu la maandazi, anatukabidhi kwa abiria yeyote mwenye sura ya huruma. Tunaamkia Uvinza, chumvi inauzwa madirishani, halafu stesheni ya Kigoma, halafu gari la kupitia Mwanga hadi Ujiji. Bibi hakuwa anatupokea stesheni. Alikuwa anatusubiri barazani, na ukifika anakukagua masikio kwanza, salamu baadaye.

Picha ni futi 4 kwa futi 3. Nimenunua marekani dukani, nikaiwamba kwenye fremu ya mbao, nikaipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya maji ili isinyonye. Juu yake rangi za akriliki. Nimechora mtaa unavyoteremka kwenda ziwani, nyumba huku na huku, mabati yenye kutu. Ya bibi ni ya kushoto, ina mwembe ubavuni. Wazee wawili wanacheza bao barazani, jua limewapiga. Chupa za mawese zimepangwa kwenye ngazi. Kule chini ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo.

Nimefika mwisho na sijaridhika. Kila nikiitazama naona kuna uongo mahali. Waliokulia kule naomba macho yenu.

#2 Kuhe73

Picha mkuu. Uzi bila picha ni chai.

#3 Mgebuka Mkavu

Hizo mbili hapo. Nimepiga kwa simu, kioo cha kamera kina mikwaruzo, mnisamehe.

#4 Binti wa Rusimbi

Daah. Umenipeleka mbali wewe mtu.

Mimi ni wa Rusimbi, ila shangazi yangu aliolewa Kitongoni, na mtaa huu naujua. Nina mambo matatu. Kwanza baraza umelinyanyua mno, hilo ni jukwaa la mkutano wa hadhara. Baraza za kwetu mtu mzima anakaa na nyayo zinagusa chini. Pili mlango. Kama nyumba ni ile ninayoidhania, ya pili baada ya kisima kilichofukiwa, mlango wake ulikuwa wa kijani. Huu wa buluu umeutoa wapi? Tatu, baraza lile halikuwa na jua hata siku moja. Ndiyo maana wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kusukiana pale.

#5 Mgebuka Mkavu

Dada, nyumba ndiyo hiyo hiyo, kisima nakikumbuka. Ila mlango ulikuwa wa buluu. Hapo naapa. Nimeegemea ule mlango nikila muhogo nikihesabu misumari. Na jua lilikuwepo, nakumbuka saruji ya baraza ilivyokuwa inaunguza mapaja.

#6 Kuhe73

Ngoja niweke kambi. Hapa pananukia ubishi wa kindugu.

#7 Fundi Kipimo

Wakuu, mimi si wa Ujiji, ni fundi mwashi, nimejenga huko Gungu miaka miwili tu. Lakini suala la baraza nimelipenda, nimeweka rula kwenye skrini.

Kona ya baraza iliyo karibu nasi, kutoka ardhini hadi juu, ni milimita 11. Kutoka ardhini pale pale hadi usawa wa mwisho wa maji ya ziwa ni milimita 24. Sasa sikilizeni. Ukisimama ukatazama mbali kwenye maji, ule mstari wa mwisho unakuja usawa wa jicho lako. Uwe mrefu, uwe mfupi, unakuja usawa wa jicho. Kwa hiyo kitu chochote kilicho mbele yako kwenye ardhi tambarare, mstari ule unakikata kwenye kimo cha jicho lako.

Baraza la kukalia tuseme ni sentimita 48, kimo cha kiti. Ukizidisha kwa 24 ukagawa kwa 11 unapata kama sentimita 105. Jicho la mchoraji liko sentimita 105 kutoka ardhini. Mtu mzima wa kawaida jicho liko mita moja na nusu na kitu.

Mkuu, baraza umelichora sawa kabisa. Wewe ndiye mfupi. Aliyesimama pale ni mtoto wa miaka sita hivi.

#8 Kuhe73

😂😂 Nimecheka kama mazuri. "Wewe ndiye mfupi."

#9 Mgebuka Mkavu

Fundi, umenifanya nikae chini.

Sisi waandika vibao mstari tunaupiga kwa uzi wenye chaki. Unaufunga misumari miwili, unauvuta, unauachia, pah, mstari umenyooka. Ule wa ziwa niliupiga hivyo hivyo siku ya kwanza, na sikupima. Niliupiga pale mkono ulipotaka.

Baada ya kusoma maelezo yako nikaichukua taa nikaiangalia picha upya, na nikaona jambo jingine ambalo nilikuwa nalionea aibu. Watu wazima wote niliowachora nyuso zao ni madoa tu. Nilidhani ni uvivu, nilijiambia nitazimalizia mwishoni. Lakini mikono! Mzee wa kwanza pale kwenye bao, mkono wake wa kulia nimeuchora hadi kucha. Kidole gumba ukucha umekufa, mweusi, umepasuka katikati. Kete anazishika kwa vidole vitatu vya mwisho, huku kidole cha shahada kimenyooka kama anamwonyesha mtu njia. Hayo sikuyatunga. Nilipokuwa nasimama pembeni ya ubao wa bao, mikono ndiyo ilikuwa mbele ya macho yangu. Nyuso zilikuwa huko juu na mwanga wa mbingu nyuma yake.

Nyuso sizigusi tena. Zitabaki hivyo.

#10 Jembe la Urambo

Kwa nini usichore tingatinga mkuu, watalii wanazinunua.

#11 Mgebuka Mkavu

Naiheshimu sana. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 Dar na rangi ya baiskeli juu ya ubao, na rangi za mafuta ndizo zilizonilea mimi pia kwenye vibao. Ila ile inang'aa, na mtaa wa bibi haukuwa unang'aa. Ulikuwa na vumbi.

#12 Bwana Ubishi

Nimesoma kimya, sasa niharibu shughuli.

Ujiji mnayoichora ina bao, mawese na mwembe. Sawa. Lakini huo ndio ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia hapo Tabora, na mwanzo wa kuvuka kwenda Manyema, huko mashariki ya Kongo, kutafuta pembe na watu. Watu, wakuu. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 hoi, ametoka kushuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe mwezi Julai. Wote tunajua Stanley alimkuta pale, tunajua na alichosema. Kuna mnara wenye ramani ya Afrika na miembe ambayo watu wanasema ni mizao ya ule wa zamani. Nani kamjengea mnara yule aliyevuka ziwa na kamba shingoni?

Simlaumu mleta uzi. Nauliza tu, mtaa wa kihistoria unauchoraje ukaishia kuwa kadi ya Idd?

#13 Binti wa Rusimbi

Bwana Ubishi leo umesema la maana, hata mimi nashangaa.

#14 Mtu wa Reli

Vijana, nimestaafu siku nyingi, macho hayasomi vizuri, mjukuu ananisomea. Niongeze kidogo.

Hiyo Ujiji mnayoikumbuka imebaki kama ilivyo kwa sababu reli iliikwepa. Burton na Speke wanafika Februari 1858, Ujiji ndiyo mji, Kigoma ilikuwa ghuba yenye kijiji. Wajerumani walipoleta reli wakaitazama Ujiji, wakaona ufuko wa wazi, maji mafupi, meli haiwezi kukaribia. Kigoma ina ghuba yenye kina. Reli ikafika Kigoma 1914, na mwaka uliofuata wakashusha majini meli ya Goetzen, ndiyo Liemba ya leo, iliyokuja vipande vipande kwenye masanduku kutoka Papenburg. Biashara ikahama. Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na masimulizi.

Na ziwa nalo lilihama. Zamani mdomo wa mto Lukuga, unaotoa maji ziwani kule upande wa Kongo, ulizibwa na majani na matope. Ulipozibuka miaka ya 1870 maji yakashuka sana. Ndiyo maana ukisimama kwenye mnara leo unajiuliza hawa watu walikutanaje ufukoni wakati maji yako kule. Ufuko ndio uliondoka.

Kijana unayechora, mtaa wa bibi yako unateremka mbali kuliko ulivyokuwa unateremka wakati wa babu yake. Hilo nalo ulichore ukiweza.

#15 Mgebuka Mkavu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana.

Bwana Ubishi, swali lako nimelala nalo siku mbili, ndiyo maana nilinyamaza.

Bibi alikuwa Mmanyema, kama nusu ya mtaa ule. Tukimuuliza wazee wetu walitoka wapi anaonyesha kwa kidevu, ng'ambo. Halafu anasema, "Wazee wetu walivushwa." Nilikuwa mtoto, nilisikia ni neno la mitumbwi. Mtu anavuka, mtu anavushwa, mbona kawaida. Nimekuja kulisikia vizuri nikiwa mtu mzima, yeye ameshafariki. Hakusema walivuka hata mara moja. Na aliyewavusha hakumtaja. Neno mtumwa sikulisikia mdomoni mwake, wala kwa mwingine yeyote pale barazani, na wale wazee walikuwa na domo.

Kwa hiyo minyororo siwezi kuichora kwa kudai ni kumbukumbu yangu, maana sikuiona. Niliyoyaona ni yale yale ya kadi ya Idd. Lakini kuna kitu kimoja kimenisumbua tangu uliposema. Kitambaa nilichochorea. Tunakiita marekani kwa sababu kilikuwa kinaletwa Zanzibar na meli za Marekani, enzi za Sultani, na kilikwenda bara kichwani mwa wapagazi kama fedha. Mahari kwa marekani, hongo ya mtemi kwa marekani, pembe kwa marekani, na watu pia. Kilipita hapa Tabora kikafika Ujiji. Mimi nimekwenda dukani nikanunua mita mbili, nikakifunika chote kwa rangi nyeupe bila kufikiria.

Sijui la kufanya nacho bado. Nawaambia tu kwamba sasa nakiona.

#16 Mama Mawese

Poleni na mazito. Mimi nina dogo.

Mawese yako kwenye zile chupa ni juisi ya karoti. Mawese mazuri yakipigwa na jua kwenye chupa ni mekundu kabisa yanakaribia damu, halafu pembeni, pale kioo kinapopinda, yanageuka rangi ya chungwa. Na kama ni asubuhi ya baridi nusu ya chini yanakuwa yameganda, ya njano njano kama uji wa ulezi uliotiwa binzari, na juu ndiyo yako wazi. Chupa moja ina rangi tatu. Aliyekulia Kigoma akaona chupa ya rangi moja anajua ni ya kuchakachua.

#17 Mgebuka Mkavu

Mama asante, hilo nimelifanyia kazi leo leo. Kwa jirani yangu muuza nafaka ipo chupa moja ya kutoka Kigoma, nimeiazima nikaiweka dirishani. Ni kama ulivyosema. Nimepaka njano chini, nikaacha ikauke, nikapitisha nyekundu nyepesi mara nne juu yake. Nyeusi sikutia hata tone. Kwenye vibao ukitaka kivuli unatia nyeusi basi, na hiyo ndiyo tabia inayoniua katika picha hii. Kivuli juu ya udongo mwekundu si cheusi, kina zambarau ndani yake. Nimechukua miaka arobaini kukiona.

Jirani anaitaka chupa yake. Nimemwambia bado anapozi.

#18 Binti wa Rusimbi

Sawa, mawese yamekwisha. Turudi kwenye jua. Mimi sijasahau. Baraza lile lilikuwa kivulini.

#19 Fundi Kipimo

Niwaulize wote wawili. Nyumba inatazama wapi, na mlikuwa mnakwenda miezi gani?

#20 Binti wa Rusimbi

Mtaa unateremka magharibi, ziwani. Nyumba iko kushoto ukiwa unateremka, kwa hiyo uso wake uko kaskazini. Mimi kwa shangazi nilikuwa nakwenda likizo ya Desemba. Mwezi wa sita tulikuwa tunapelekwa Kasulu kwa baba.

#21 Mgebuka Mkavu

Mimi mwezi wa sita mara nyingi. Desemba nimekwenda mara moja au mbili, nakumbuka mvua.

#22 Fundi Kipimo

Basi kesi imekwisha, mpeane mikono.

Ujiji iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini pale mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linainamia kaskazini, na mwezi wa sita linainama hasa. Nyumba inayotazama kaskazini inapigwa jua usoni kutwa, na jioni linapozama linaingia ubavu ubavu mpaka kwenye kizingiti. Oktoba likishavuka kwenda kusini, uso ule ule unakaa kivulini kutwa hadi Machi tena. Sisi mafundi tunalijua hili kwa lipu. Ukuta wa kaskazini ukipigwa lipu mwezi wa saba unakauka mapema mno na kupasuka usipoumwagilia.

Wa Desemba aliona kivuli. Wa Juni aliungua mapaja. Wote mko sawa.

Ila mleta uzi kuna kitu bado. Umeweka jua la Juni barazani. Halafu mwembe wako una maembe mabivu, na milima ya Kongo inaonekana hadi mikunjo yake. Nimekaa Gungu miaka miwili. Mwezi wa sita kwenda wa saba moshi wa kuchoma nyika unaanza, na kuendelea mbele Kongo huioni. Inaonekana mvua ikishaosha hewa. Na maembe mabivu ni Desemba. Umeshona miezi miwili kwenye kitambaa kimoja.

#23 Bwana Ubishi

Fundi wewe ni hatari. Mtu kachora bibi yake, wewe umemkamata kwa kosa la kalenda.

#24 Mtu wa Reli

Fundi yuko sahihi. Kiangazi Kongo inafungwa. Tulikuwa tunasema Kongo wamefunga duka.

#25 Mgebuka Mkavu

Wakuu nimerudi. Siku tisa.

Kwanza niwaambie kilichoniuma. Ile milima ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nimeipaka kwa wiki mbili, kila mkunjo. Nilitaka kumwambia Fundi kwamba picha si kalenda, mchoraji anachanganya anavyotaka, na kwa kweli anaruhusiwa. Nani atajua? Lakini ule uongo niliokuwa nauona tangu mwanzo bila kuujua ulipo, ulikuwa hapo. Jua la upande mmoja, hewa ya upande mwingine. Mwanga wa barazani ulikuwa haufiki ziwani, kama picha mbili zilizogombana zikalazimishwa kulala kitanda kimoja.

Nikaiweka pembeni. Nikanunua marekani nyingine.

Safari hii nimeipaka gundi peke yake, bila rangi nyeupe. Ikikauka inabaki na sura yake, ule weupe uliofifia wenye vijinyuzi na vipunje vya pamba vyeusi hapa na pale. Nikapiga uzi wa chaki usawa wa sentimita 105, safari hii kwa kukusudia. Nikachagua mwezi wa sita, maana nilikuwepo. Maembe nimeyaondoa. Badala yake kuna tawi moja lenye majani machanga, yale yanayotoka na rangi ya shaba kabla hayajawa kijani. Barazani jua kali. Mikono ya wazee ile ile, na ukucha wake.

Nikafika ziwani, nikashika brashi, nikakwama. Mwezi wa sita jioni, moshi umeingia, ziwa linakuwaje? Si la buluu. Maji na mbingu vinakuwa kitu kimoja, mtumbwi unaonekana unaning'inia. Rangi yake nilikuwa naitafuta kwenye sahani nikichanganya nyeupe na njano kidogo na kahawia kidogo, najaribu pembeni mwa kitambaa, haionekani. Nikadhani sijapaka vizuri. Nikapaka tena, haionekani. Rangi ilikuwa ni ile ile ya kitambaa.

Basi nimekiacha. Kuanzia mwisho wa mtaa kwenda juu, robo nzima ya picha, hakuna rangi. Ziwa, mbingu na Kongo ni marekani tupu. Nimechora mitumbwi miwili tu juu yake, midogo, na watu ndani yake wamekaa. Sijaandika kama wanavuka au wanavushwa.

Bwana Ubishi, ndilo jibu nililonalo kwa sasa.

Picha hiyo hapo.

#26 Bwana Ubishi

Nimeiona. Sina ubishi leo.

#27 Kuhe73

Andikeni tarehe jamani, Bwana Ubishi hana ubishi.

Mkuu ile robo tupu mwanzoni nilidhani hujamaliza. Nimeiacha kwenye simu, nikarudi baada ya kula, nikaanza kuona maji.

#28 Mama Mawese

Chupa sasa ni za mawese. Umempa jirani yake?

#29 Mgebuka Mkavu

Nimempa. Ilikuwa imepungua kidogo, maharage yalikuwepo.

Dada wa Rusimbi, nasubiri hukumu yako ya mlango. Nimeuacha wazi bila rangi mpaka useme.

#30 Binti wa Rusimbi

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na kazi yako.

Nilimpigia binamu yangu aliyebaki kule. Nyumba ilibomolewa, imejengwa ya tofali na geti. Lakini mlango haukutupwa, ni mninga. Uko uani kwa fundi seremala mtaa wa pili, umelazwa juu ya matofali, anapangia mbao zake. Wikiendi nilikuwa na safari ya msiba Kigoma, nikapitia. Nikamwamkia yule mzee, nikamweleza, akanicheka, akanipa wembe.

Nimekwangua kona ya chini, mahali padogo kama kiganja. Juu kuna kahawia, hiyo ya juzi juzi. Chini yake kijani, kijani yangu, naijua kama sauti ya mama. Nikataka niishie hapo niondoke mshindi. Seremala akasema endelea, hapo bado kuna kitu. Chini ya kijani kuna buluu. Iliyokoza, nene, imepakwa na mtu asiyejua kubana brashi, ina machozi ya rangi yaliyokauka.

Ulikuwa wa buluu kaka yangu. Mimi nimeanza kwenda kule 1993. Nadhani walipaka kijani katikati hapo.

Halafu chini ya buluu kuna kijivu, ndipo mbao. Mninga ule bado unanukia ukiukwangua, miaka yote hiyo.

#31 Mtu wa Reli

Kijivu cha namna gani, binti? Kizito kama risasi, kinakataa wembe?

#32 Binti wa Rusimbi

Shikamoo babu. Ndicho hicho hicho. Wembe umekatika pale.

#33 Mtu wa Reli

Marahaba. Hiyo ni rangi ya meli. Enzi hizo milango mingi ya Ujiji na Kigoma ilikuwa na rangi ya meli. Msiniulize ilifikaje.

#34 Kuhe73

😂😂😂 Mzee kafunga jalada.

#35 Mgebuka Mkavu

Babu yangu alikuwa kuli bandarini kabla sijazaliwa. Nanyamaza na mimi.

Dada, sijui nikushukuru vipi. Umekwangua kijani chako mwenyewe ili upate buluu yangu. Nimepaka usiku huu: kijivu kwanza, nikaacha ikauke, buluu juu yake, na chini kabisa pale watoto walipokuwa wanapiga mateke nimeiacha kijivu itokeze. Swali la mwisho. Bawaba ziko upande gani?

#36 Binti wa Rusimbi

Kulia ukiwa unaingia. Na chini kushoto kuna tundu limekatwa kwa msumeno, kama la ngumi. Seremala anasema la panya. Mimi nasema la paka.

#37 Mgebuka Mkavu

La paka. Bibi alilikata mwenyewe. Nimeshalichora tangu wiki iliyopita, halionekani tu kwa sababu kanga yake imelifunika.